Tutakaa Hapa Mpaka Lini?

Mama yangu mpenzi, shikamoo.

Mimi ni mzima, na sweta uliyonifumia inawatoa wenzangu udenda.

Kazini tulikuwa tunahangaika na kanuni mpya za uhasibu. Zamani jengo la kupanga tuliandika kodi ya mwezi tu, basi. Sasa kodi ya miaka yote tunayotarajia kukaa lazima iingie vitabuni kama deni. Bosi akang'aka, "Andika mwaka mmoja! Sisi hapa tunapita tu."

Nikamwambia, "Bosi, umeweka vigae mpaka chooni. Anayepita haweki vigae."

Mkaguzi wa hesabu aliyekuja kutukagua alicheka mpaka akavua miwani. Tukaandika miaka kumi.

Jioni nikarudi chumbani kwangu. Kuta nimezipaka rangi, kabati nimenunua, na taa kaniwekea yule fundi umeme niliyekugusia kwenye simu. Nikajikuta nacheka peke yangu.

Mama, kila ukipiga simu unaniuliza narudi lini, nami nakujibu, "Mwakani." Huku dada na mapacha wake wanabanana sebuleni, na chumba changu umekitia kufuli ukinisubiri. Kifungue, mama. Wape wao, na kitanda pia.

Usihuzunike. Nikija likizo nitalala kitandani kwako, upande wa ukutani, kama zamani. Sebule itakuwa wazi, kwa hiyo fundi naye atapata pa kulala.

Ni mimi, kitindamimba wako.