Msomaji Aliyemjua Mhalifu Wangu

Jumamosi, 14 Julai 2007. Ukungu umekaa juu ya migomba ya Old Moshi tangu asubuhi. Mlima hatujauona kwa siku nne, na mimi sina raha.

Riwaya yangu ina miezi miwili mikononi mwa watu. Kwa ambaye hajaisoma: mpelelezi anaitwa kijijini kwa sababu masale, ile mimea tunayopanda kuonyesha mpaka wa kihamba, yaani shamba la ukoo, yanatembea yenyewe. Anayafuata, anayahoji, yanamjibu. Mhalifu hapatikani.

Wasomaji hawajanisamehe hilo. Mchungaji aliniuliza baada ya ibada kama kurasa za mwisho zilibaki kwa mpiga chapa. Mstaafu mwenzangu alisema, "Umetuzungusha kitabu kizima tukitafuta mwizi, halafu unatuachia majani." Niliwaeleza kwa subira kwamba hadithi ya namna ile huenda kama ndoto, na ndoto haiulizwi mwisho wake.

Nilifurahia kueleza. Nakiri.

Jana nilikwenda kumjulia hali Mama Aneth, mjane jirani yetu wa upande wa chini, mkubwa kwa umri kuliko hata marehemu mama yangu. Kitabu kilikuwa mapajani mwake. Nikamwamkia shikamoo, akaitikia, kisha akasema, "Mwalimu, mpelelezi wako ni mvivu. Angeniuliza mimi."

Akanisimulia. Alikuwa kwenye uzazi wake wa kwanza, analishwa mtori, supu ya ndizi na nyama, hatoki nje miezi mitatu kama ilivyo desturi. Alipotoka, masale yalikuwa yamesogezwa, na mgomba wake mkubwa ulikuwa upande wetu. Aliposema, mumewe na wakwe zake walimwambia uzazi umemchanganya akili.

"Nikakubali," alisema. "Maisha yangu yote nimejihesabu mtu aliyewahi kuchanganyikiwa. Nimesoma masale yako yanatembea, nikacheka mpaka nikalia. Shamba silitaki. Nataka mtu wa kwenu aseme."

Nilitaka kueleza kwamba nimebuni tu. Kisha nikakumbuka: marehemu baba hakuwahi kula ndizi za mgomba ule wa mpakani. Zote alikuwa akiwakatia ng'ombe, nasi watoto tulikatazwa kuuliza sababu.

Nikaaga, nikaondoka bila kumjibu.

Mimi, niliyeeleza mambo darasani miaka thelathini.

Kwetu, anayeomba msamaha hupeleka jani la isale, na anayepelekewa hakatai. Kesho kabla ya ibada nitakata moja, kwenye mstari uleule aliouhamisha baba. Sitaeleza kitu. Nitamwambia tu: Mama, hukuchanganyikiwa.