Taa Tatu za Nyuma ya Kinu

MAELEZO YA SHAHIDI

Jina: najulikana kama Mama Pacha
Umri: miaka 23
Kazi: dobi
Makazi: chumba cha kwanza, nyumba ya vyumba vitatu nyuma ya kinu cha unga

Mnamo tarehe 14 mwezi huu, asubuhi, mwenye nyumba alitubadilishia nyaya. Chumba cha pili anakaa dada mshonaji, cha tatu babu mmoja mstaafu. Vyumba havina madirisha wala swichi. Ukitaka kuzima taa unalegeza balbu kwa kitambaa. Tangu nyaya zibadilishwe taa ziliwaka hafifu kama makaa. Tukasema labda umeme ni mdogo.

Mchana babu alimwambia mshonaji, "Mjukuu, cherehani yako inanisaga ubongo." Akajibu, "Tulia babu, nisije nikakuzimia taa ulale." Wakacheka. Hata mimi nilicheka.

Saa tisa alasiri nilikuwa nanyonyesha. Taa yangu ikazimika, nikasikia kishindo. Babu alikuwa ameanguka gizani chumbani kwake, mkono umevunjika. Mwanawe alipofika na kusimuliwa ule utani, alimkaba mshonaji: "Si ulisema utamzimia?" Dada alikuwa bado ameshika balbu yake. Alisema alizima ya kwake, anataka kwenda kununua uzi.

Nikajiuliza: kama alimlenga babu, yangu alizima nani? Aliporudisha balbu, zote ziliwaka. Nikalegeza yangu, zote zikazimika. Mwana wa babu akafoka, "Kumbe na wewe umo!" Nikamwambia, "Kaka, umeniamshia watoto. Hebu tazama huo waya." Ulitoka kwangu ukaingia kwa mshonaji, kisha kwa babu. Shuleni tulifundishwa kwamba taa zikifuatana hivyo umeme una njia moja tu. Toa moja, zote gizani. Zikiwa sambamba, kila taa ina njia yake. Hapa kituoni nimemwomba afande azime taa ya mezani. Ya darini imebaki inawaka.

Dada alizima ya kwake. Kwa nyaya zile, hakuna mtu awezaye kuzima ya kwake peke yake. Na kama utani ni kosa, basi tuliocheka tulikuwa watatu.

Hayo ndiyo niliyoyaona na kuyajaribu kwa mkono wangu. Nimesomewa, ni kweli.

Sahihi: Mama Pacha

Askari wa zamu: Niliandika "alikata umeme", shahidi akanirudisha, akataka "alilegeza balbu yake". Nilifika kwenye nyumba, nikalegeza ya babu, zote zikazimika. Mwenye nyumba ameitwa kituoni. Mshonaji, aliyeletwa hapa na mwana wa babu, ameachiwa, ametoka hapa moja kwa moja kwenda hospitali kwa babu.