Mlinzi wa Mpaka Niliyemkuta Uholanzi

Mama, jambo sana huko Cheektowaga, Marekani.

Uliniambia nisiiachie pasipoti, na sijaiachia. Leo basi letu la wanafunzi limetoka Ufaransa, likapita Ubelgiji, sasa tuko Uholanzi. Kila mpaka nilingoja askari. Hakuna askari, hakuna hata kamba, ni kibao cha bluu tu chenye jina la nchi, na wenzangu wote wanakoroma.

Bon, tukasimama kwenye kituo cha mafuta. Nikaona geti la chuma, watu wamepanga foleni, na baba mmoja mwenye sare. Nikajua ni hapa. Nikatoa pasipoti, nikataja jina langu, la Papa na lako, nikaeleza kwamba tunatembea tu, hatubaki. Akaisoma yote pole pole, akanirudishia kwa heshima, akaniambia kwa Kiswahili cha kwetu Uvira, Kongo: "Binti yangu, hapa ni choo."

Kumbe huku nchi hazina mlinzi, mlinzi wamemweka chooni.

Mwalimu bado anacheka. Mimi nakumbuka ulivyosimulia tulivyokimbilia Burundi, mimi mgongoni, mkono wako ukiniziba mdomo nisilie. Nakuombea, Mama, siku moja na wewe uvuke mpaka ukikoroma.

Neema wako