Mkono nilionyoosha getini

Veri, nimeharibu! Ndege imeruka na mama yangu, mimi nimebaki hapa Louisville!

Walimpandisha yeye kwanza, na kiti chake cha magurudumu. Halafu dada wa getini akatangaza kitu, nikashika neno moja tu: volontia.

Si unakumbuka kambini, tulipokuwa wakimbizi, volontia ndiye aliyehudumiwa kwanza? Nikanyoosha mkono. Juu kabisa!

Watu wakanipigia makofi, Veri. Makofi! Kumbe ndege ilijaa, walitafuta wa kujitolea kubaki, nami nimewatolea kiti changu.

Nimelia, nimepiga magoti. "Mlango umeshafungwa," basi.

Na lazima abadilishe ndege njiani ndipo afike kwako Buffalo. Kiingereza chake ni "thank you" tu!

Acha kumpigia. Simu yake inalia mkobani mwangu.