Jinzi Alizoacha Baba Yako

Mjukuu wangu Hodan, assalamu alaykum. Huku Garissa sote tu wazima, na mbuzi wa shangazi yako amezaa pacha.

Umeniuliza kama ni vibaya kukata jinzi alizoacha marehemu baba yako ushone blanketi. Mimi niliyemzaa nakuambia, kata.

Nilipokuwa msichana kule Balambala, kaka yangu alifariki, na mama akazifungia jinzi zake sandukuni. Mvua zilipoanza, mtoto wa kaka akawa anatetemeka kwa baridi. Mama mwenyewe akanipa mkasi. "Kata," akasema, "ila mifuko iache."

Nikaunganisha vipande, mifuko ikabaki juu. Mtoto yule alilala ametia mkono mfukoni mwa babake.

Tumia sindano nene. Ukimaliza, jifunike.

Akulinde Mola.
Ayeeyo, bibi yako