Kadi Kumi na Nane za Mwantumu

Mwantumu mwanangu,

Uji umo sufuriani, mpashie mama yako. Pedi za wino usizifunue mpaka meza ikauke. ~~Kadi zilizoharibika zichome.~~ Hapana, nimezichukua mimi.

Kwa muhuri wako wa mpira wenye picha ya mkorosho ulichagua kijani kwa majani na zambarau kwa maua, ukaniambia zinapatana. Mimi nikaona zambarau imepooza. Ulipokwenda kisimani asubuhi, nikachukua wino mwekundu wa ofisini, nikagonga juu ya kadi zako kabla kijani hakijakauka. Ikawa rangi ya tope. Kadi kumi na nane za harusi yako!

Mara akaingia shangazi wa mchumba wako kuaga. “Nani kafanya haya?” Nikamjibu, “Huyu binti yangu, kazi zake ni za ovyo.” Nawe ulikuwa mlangoni na ndoo kichwani. Hukunipinga. Ulimkaribisha uji tu.

Ameondoka na lori la kwanza kurudi Ruangwa. Namfuata kwa la pili. Nitazipanga kadi zote mbele yake na mumewe, niseme ni mkono wangu, na kwamba nilisema uongo.

Zilizobaki gonga kwa rangi zako.

Baba yako