Wifi Asiye na Mshahara

Jumamosi, 5 Disemba 1970

Leo nimemwambia. Nilingoja amalize kahawa yake. Nikasema, Bwana Marhoon, tangu tufike Matrah hapa Omani nalea watoto wako watatu, napika, nafua, usiku nalala nao. Nataka riali sita kwa mwezi. Yaya wa jirani apata saba, na Ijumaa yake ya kupumzika. Hiyo moja nimekupunguzia kwa sababu sote wa Unguja.

Kanitazama kama nimemvua kilemba mbele za watu. "Muhsina, dada hulipwa?"

Dada. Tulipokuwa Dar es Salaam tuliambiwa huku wanaruhusiwa wenye jamaa tu. Akaniandikisha dada yake, Muhsina binti Seif, kwa jina la babake. Nikakubali. Nikajiona hodari! Nauli nililipa mwenyewe, nikauza na cherehani niliyoipata kwa kukaanga vitumbua miaka minne. Mimi wa kupiga hesabu, hii sikuipiga.

Jumatatu, 7 Disemba

Kheiria, mkewe, kaninunia. Watoto hawajui lolote, wananing'ang'ania shingoni. Mwanangu Rahila yuko Dar kwa Bi Masouda, ana miaka tisa. Nilimwahidi nauli kabla ya Iddi Kubwa. Bila mshahara — nauli ya nini, ya maneno?

Ijumaa, 11 Disemba

Wageni wa kike. Nimo jikoni, masikio sebuleni. Kheiria anasema wifi yake ana tamaa, anakula, anavaa, analala bure. Bi Shaikha, yule jirani mwenye yaya, akacheka. "Bure? Anayekwenda kwao jioni ana saa ya kutoka. Huyu hata usiku ni wenu. Huyo ndiye wa kulipwa zaidi."

"Wifi yangu huyo, Bi Shaikha."

"Basi mbona wifi afua nepi na wewe umekaa?"

Nikaingiza halwa.

Bi Shaikha akiondoka kaninong'oneza: njoo kwangu, saba, na Ijumaa yako.

Jumamosi, 12 Disemba

Nimeaga. Marhoon kakataa. Dada yake akafue kwa watu? Watu watasemaje, naye anatafuta kazi serikalini? Nikamwambia, mimi si dadako. Akajibu polepole, bila hasira, na hilo ndilo lililoniogopesha: "Kaseme hivyo nje. Watauliza uliingiaje. Mimi nitakemewa. Wewe utarudishwa."

Unguja nirudi kwa nani? Mume wangu aliuawa mwaka ule wa sitini na nne.

Jumatatu, 14 Disemba

Kapata dawa yangu. Ananioza. Kwa Bwana Amur wa Darsait — kafiwa na mkewe, watoto sita, mama kipofu. Kheiria kaja na kanga mpya. "Wifi, utakuwa na nyumba yako." Nikamuuliza, huko mke hulipwa ngapi? Kanga kaitupa kitandani akatoka.

Watatu hapa. Kule sita na bibi.

Jumatano, 16 Disemba

Bi Shaikha nimempelekea salamu. Jibu: haingilii mambo ya kaka na dada.

Alhamisi, 17 Disemba

Baada ya alasiri. Wanaume wako sebuleni, mimi chumbani, pazia katikati. Marhoon ndiye walii. Walii! Damu yake na yangu hazijapata kukutana. Ndoa gani hiyo? Najua, naye anajua, na Kheiria anajua. Sheikh ndiye hajui.

Kaniuliza mara moja: namridhia kaka yangu Marhoon aniozeshe? Nikasema subiri nitie udhu. Udhu ninao. Naandika.

Mwali akinyamaza huhesabiwa karidhia. Mimi nimeshaolewa, nimeshazaa. Lazima niseme kwa mdomo wangu, na wao wasikie.

Kheiria kasimama karibu yangu. Analia kweli au anajiliza, sijui. "Sema ndiyo, Muhsina. Watoto wangu watakukumbuka." Nimemwambia, na wangu je?

Sheikh kakohoa. Anaita tena, sauti nzuri, ya upole: "Muhsina binti Seif?"

Baba yangu ni Khalfan. Kazikwa Makunduchi. Sheikh anangoja, na Marhoon kalisogelea pazia, naona vidole vya miguu yake chini ya pazia. Naweka kalamu.